Bubu ni Nani? Vijana Viziwi wa Arusha Wamechoka Kusemewa

Kama uko Chuga na baridi ya Mlima Meru inakung'ata masikio, vuta kiti, agiza chai ya maziwa na andazi la moto. Leo tuna mazungumzo, tena ya watu wazima.

Tuanze na mtihani mdogo wa kijiweni. Umepanda daladala ya Kijenge. Kiti cha mbele yako wamekaa vijana wawili, chalii na binti, wamependeza kweli kweli, viatu vikali, suruali zimepigwa pasi hadi zinakata. Hawatoi sauti hata kidogo. Mikono inakwenda kifuani, inarudi shavuni, inaruka hewani, nyuso zinacheka, zinanuna, zinashangaa. Umbea mzito unaendelea pale! Konda anawatazama, halafu anamgeukia dereva: "Mabubu hao!" Daladala nzima inaangua kicheko.

Swali: kati ya wale wawili na sisi wengine wote, nani hakuelewa mazungumzo?

Kwa taarifa yako, waliokuwa wanaongea ni wao. Mabubu tulikuwa sisi.

Viziwi wenyewe neno bubu hawalitaki, na wana haki. Bubu ni mtu asiyeweza kusema. Kiziwi anasema, tena sana, ila anasema kwa mikono na uso. Neno kiziwi hawalionei haya, liko mpaka kwenye jina la chama chao cha kitaifa, CHAVITA, yaani Chama cha Viziwi Tanzania. Na wanachoongea si maigizo ya kuomba maji. Ni lugha kamili, Lugha ya Alama ya Tanzania, au LAT kwa kifupi, ina maneno yake na sarufi yake. Wala usidhani ni lugha moja ya dunia nzima. Kiziwi wa London na kiziwi wa New York, ambao majirani zao wote wanaongea Kiingereza, alama zao ni tofauti kabisa. Wakikutana inabidi watafutane kwanza.

Lakini leo sikuja kufundisha sarufi. Nimekuja na neno moja tu linalowakera vijana hawa kuliko hata hilo la konda. Neno lenyewe ni KUSEMEWA.

TUKIMWEKA YEYE, MKOPO NI WA NANI?

Ninaye mshikaji wangu, fundi viatu pande za Ngarenaro. Jina lake naliweka kapuni. Mwenyewe alizaliwa anasikia vizuri tu, homa ya uti wa mgongo ikamnyang'anya masikio akiwa mtoto. Sisi tunaongea kwa kuandikiana kwenye simu, na siku hizi kwa alama chache nilizookota kwake. Ni mcheshi, mbishi wa mpira, na akikutajia bei ya kubandika soli hapungui hata ukilia.

Yeye na wenzake, vijana viziwi watupu, waliunda kikundi. Kuna fundi cherehani, kuna msusi, kuna wawili wanaochomelea mageti. Wakachaguana: mwenyekiti, katibu, mtunza hazina. Wakaandika katiba ya kikundi. Wakafungasha makaratasi kwenda ofisi moja kuulizia mkopo wa watu wenye ulemavu.

Ofisi yenyewe siitaji. Ila walichoambiwa nakitaja. Hakuna aliyeuliza hesabu zao. Hakuna aliyefungua katiba. Waliandikiwa kwenye karatasi, kwa upole kabisa, kwamba ingekuwa vizuri waende wakamtafute mtu anayesikia awe mwenyekiti, ili mawasiliano yawe rahisi.

Fundi wangu akachukua kalamu ileile akajibu chini yake: "Tukimweka yeye, mkopo utakuwa wa nani?"

Jamani! Nilipoisoma karatasi ile nilikaa kimya. Maana swali lile limebeba kila kitu. Ukimweka ndugu anayesikia awe mwenyekiti, ndiye atakayepigiwa simu, ndiye atakayeitwa semina, ndiye atakayetia saini benki, ndiye atakayepigwa picha akipokea hundi. Wenye kikundi watabaki nyuma ya picha wakitabasamu.

Hawakumweka. Walirudi na mwenyekiti wao yuleyule na mkalimani pembeni. Karatasi zikapokelewa. Mpaka naandika haya majibu bado, na mimi sitakudanganya kwamba mambo yameshakuwa bomba. Lakini kikundi kina mwenyekiti wake.

Na kusemewa hakuishii maofisini. Kunaanzia nyumbani. Mgeni anakuja, anamuuliza mama, "Huyu kijana anapenda kazi gani?" Mama anajibu papo hapo, wakati mwenye kazi amekaa palepale anatazama midomo inavyokwenda. Posa inakuja, mjomba anaitikia. Shamba la familia kule Meru linagawanywa, kaka anasema, "Mdogo wangu hana neno." Nani kamuuliza kama hana neno?

Kwa mabinti ni balaa zaidi. Hebu jiweke pale. Una miaka 20, una jambo lako la siri, unataka kupima au kuuliza uzazi wa mpango. Nesi hajui alama. Mkalimani wako ni nani? Mama mzazi, au shangazi! Dada yangu, utasema ukweli mbele ya shangazi? Hutasema. Utatingisha kichwa, utapewa vidonge vya kichwa, utarudi nyumbani na jambo lako. Ndiyo maana nasema hili si suala la kuoneana huruma. Watu wanaumia.

Wahenga walishasema, adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Nani mwingine akusimulie?

KIKAO CHA WATU WALIOSIKIA

Kusemewa kuna historia ndefu, na kuna kikao kimoja ambacho viziwi duniani kote wanakijua kama sisi tunavyojua Azimio la Arusha. Tofauti ni kwamba wao wanakikumbuka kwa uchungu.

Mwaka 1880, katika jiji la Milan, Italia, walikutana walimu wa viziwi kutoka nchi mbalimbali. Wajumbe walikuwa zaidi ya 160, na karibu wote walikuwa wanasikia. Wakajadili lugha ya wasiosikia, wakapiga kura, wakaamua: alama zisitumike shuleni, mtoto afundishwe kusoma midomo na kutoa sauti. Basi. Baada ya hapo katika nchi nyingi walimu viziwi walipoteza kazi, na watoto wakaadhibiwa kwa kutumia mikono yao wenyewe.

Unafikiri kusoma midomo ni rahisi? Simama mbele ya kioo sasa hivi. Sema bila sauti: baba. Halafu sema: mama. Halafu sema: papa. Umeona? Midomo ni ileile! Sasa mwambie mtoto wa darasa la kwanza achague kati ya mzazi wa kiume, mzazi wa kike na samaki mkubwa wa baharini, halafu umchape akikosea.

Ilichukua muda gani kuomba radhi? Mwaka 2010, kwenye mkutano kama uleule uliofanyika Vancouver, Kanada, ndipo maazimio ya Milan yalipokataliwa rasmi na kusikitikiwa. Hesabu mwenyewe. Miaka 130!

Huku kwetu shule ya kwanza ya viziwi ilifunguliwa Tabora mwaka 1963, chini ya Kanisa Katoliki. Buguruni, Dar es Salaam, ikafuata mwaka 1974. Shule hizi zimefungua milango kwa maelfu ya watoto ambao wangebaki kuchunga mbuzi bila lugha yoyote, na heshima yao iko palepale. Lakini ile fikra ya midomo kwanza ilisafiri mpaka Afrika, na alama nyingi za LAT watoto walifundishana wenyewe: bwenini, uwanjani, usiku chini ya taa. Ukitaka kujua vijana viziwi wanaweza kujiongoza au la, anzia hapo. Walimu walikuwa wanatafuta midomo yao, wao wakawa wanajenga lugha.

WIKI MOJA TU, CHUO KIKAGEUKA

Sasa sikiliza hii, wewe kijana unayedhani mambo makubwa yanafanywa na wazee peke yao.

Pale Washington, Marekani, kuna Chuo Kikuu cha Gallaudet, kilichoanza mwaka 1864 kwa ajili ya wanafunzi viziwi. Miaka 124 kikaongozwa na wakuu wanaosikia. Machi 6, 1988, bodi ya chuo ikatangaza mkuu mpya, Elisabeth Zinser. Kati ya waliofika mwisho wa mchujo walikuwemo viziwi wawili. Aliyechaguliwa ni yeye, anasikia, na hata lugha ya alama alikuwa hajui.

Vijana wakasema hapana. Wakafunga mageti ya chuo, wengine wakayazuia kwa magari. Wakaandamana mpaka jengo la Bunge. Viongozi wao walikuwa wanafunzi wanne, Greg Hlibok, Bridgetta Bourne, Jerry Covell na Tim Rarus. Wakaweka madai manne mezani: mkuu awe kiziwi, mwenyekiti wa bodi ajiuzulu, viziwi wawe wengi ndani ya bodi, na mtu yeyote asiadhibiwe kwa kugoma.

Siku nne baada ya uteuzi, Zinser akajiuzulu. Machi 13 bodi ikamtangaza I. King Jordan, mkuu wa kwanza kiziwi katika historia ya chuo kile. Madai yote manne yakakubaliwa. Wiki moja tu, msomaji wangu!

Nakuomba uyaangalie vizuri yale madai manne. Vijana wale hawakuomba mabweni mapya wala chakula kizuri. Waliomba viti. Waligundua kwamba anayekaa kwenye kiti ndiye anayeamua habari ya chakula na mabweni, na kila kitu kinachofuata.

USISEME NI MAREKANI TU

Najua wapo watakaosema, "Aaa, Marekani bwana, huko kila kitu kinawezekana." Sawa. Njoo jirani hapa Uganda.

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 ilitaja waziwazi kukuzwa kwa lugha ya alama ya viziwi. Mwaka uliofuata, 1996, Alex Ndeezi, kiziwi, akaingia Bungeni Kampala akiwa mmoja wa wabunge watano waliowawakilisha watu wenye ulemavu. Alikuwa mbunge kiziwi wa kwanza Afrika. Anasimama, anaongea kwa alama, mkalimani anatoa sauti, waheshimiwa wanasikiliza. Mbingu haikuanguka. Na Uganda haikuishia Bungeni. Sheria yao ya serikali za mitaa ya mwaka 1997 iliweka wawakilishi wenye ulemavu kwenye mabaraza ya chini pia, mwanamke na mwanaume.

Vuka Namanga sasa, saa mbili tu kwa gari kutoka Mnara wa Saa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema lugha rasmi za Bunge ni tatu: Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Alama ya Kenya. Na kule Afrika Kusini, mwaka 2023 lugha yao ya alama ikawa lugha rasmi ya 12 ya nchi.

Na sisi je? Tusijidharau, makaratasi yetu si mabaya. Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu. Mwaka 2010 tukatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Sheria ile inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi kuanzia 20 awe na asilimia 3 ya watu wenye ulemavu. Inataka pia kamati za watu wenye ulemavu kuanzia ngazi ya kijiji na mtaa kupanda hadi mkoa. Tangu mwaka 2018 sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu upangwe upya, ikarudi mwaka 2024.

Kwa hiyo mlango upo. Wasiwasi wangu ni nani anaingia kupitia mlango huo. Kamati ya mtaa ikiwa na mjumbe kiziwi lakini haina mkalimani, yule mjumbe ni pambo. Anakuja, anasaini mahudhurio, anakunywa soda, anarudi nyumbani. Kwenye ripoti wanaandika "viziwi wamewakilishwa." Hiyo ni kuzugana tu.

Na kuna jambo jingine vijana wanalilalamikia pembeni. Hata ndani ya vyama vya watu wenye ulemavu, kijana anaambiwa asubiri wakubwa. Binti kijana kiziwi ndiye anaambiwa asubiri zaidi. Viziwi wa dunia waliliona hilo: Shirikisho lao, lililoanzishwa Rome mwaka 1951, lina kitengo chake cha vijana tangu miaka ya 1990. Kijana halelewi uongozi kwa kukaa benchi mpaka mvi zitoke. Anapewa kamati, anaharibu kidogo, anarekebisha, anakomaa.

CHUGA TUNA KILA KITU

Kama kuna mahali Tanzania ambapo jambo hili lingeweza kushika kasi, ni hapa kwetu chini ya Meru.

Kule Tengeru tuna Chuo cha Ualimu Patandi, ambacho nchi nzima inakitegemea kwa walimu wa elimu maalumu, wakiwemo wa watoto viziwi. Usa River kuna kituo cha KKKT kinachowafundisha ufundi vijana wenye ulemavu. Nje kidogo ya mjini kuna karakana ya Shanga, iliyoanza mwaka 2007, ambako mafundi wenye ulemavu, viziwi wakiwa wengi, wanayeyusha chupa zilizotupwa na kuzigeuza shanga na glasi ambazo watalii wanazigombania. Ukienda pale utakuta mambo kinyume: mgeni anayesikia ndiye anayehangaika kujifunza neno "asante" kwa mkono, na fundi ndiye mwalimu.

Jiji letu ndiko iliko Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako hapa. Na hapahapa mwaka 1967 taifa lilitangaza ujamaa na kujitegemea. Sasa kujitegemea gani ambako kijana wa miaka 25 hawezi kutoa hoja yake mpaka kaka yake awepo?

Hata upande wa burudani hatuna kisingizio. Huu ni mji wa hip hop. X-Plastaz walianzia hapa mwaka 1996, wakachanganya mistari na nyimbo za Kimasai mpaka Ulaya ikainua shingo. Basi kwa taarifa yako, Finland kuna rapa kiziwi anaitwa Signmark. Anachana kwa alama, mwenzake anatoa sauti, besi inapigwa nzito ili asiyesikia aisikie kifuani. Mwaka 2009 alisaini mkataba na Warner Music. Maprodyuza wa Kijenge na Kaloleni mpo? Chalii kiziwi akija studio msimpeleke kufagia.

KIPAZA SAUTI NI CHA NANI?

Nikiyaleta haya kijiweni, swali la kwanza huwa moja: "Mkalimani atalipwa na nani? Mtaa hauna hela."

Swali zuri. Na mimi nina langu. Mkutano wa hadhara ukiitishwa, kipaza sauti kinakodiwa. Spika zinabebwa, jenereta inajazwa mafuta, kijana wa mitambo analipwa. Hivi vyote ni kwa ajili ya nani? Kiziwi havimsaidii hata senti moja! Ni vifaa vya sisi tunaosikia, ili tusikie vizuri zaidi. Tunavilipia bila mjadala, na hakuna anayesema mtaa unatubeba. Ikija zamu ya mkalimani, ghafla inaitwa msaada.

Mkalimani ni kipaza sauti chenye miguu. Ukiweza kukodi kimoja, tafuta na hela ya kingine.

Lakini tahadhari, mkalimani naye ana mipaka. Si mlezi wala si msemaji. Kazi yake ni kupitisha maneno kama yalivyo, hata kama hayapendi, na kutunza siri. Mkalimani anayejibu maswali kabla mwenyewe hajajibu ni kusemewa kulekule, safari hii kwa malipo.

UKIKUTANA NAO, FANYA HIVI

Najua wengi mnapenda kuwa wastaarabu, ila hamjui pa kuanzia. Haya ni ya bure kabisa:

Kwanza, mtazame yeye, usimtazame mkalimani. Sema "wewe unaonaje?", usiseme "muulize anaonaje."

Pili, ukitaka kumwita, mguse bega taratibu au punga mkono mahali anapouona. Ukiwa chumbani, zima na kuwasha taa. Kupiga kelele hakusaidii, utawashtua majirani tu.

Tatu, usiongee ukitafuna wala ukiwa umegeukia ukutani. Na mkutanoni kaeni duara, ili kila mtu amwone mwenzake.

Nne, mkifurahishwa na hoja msipige makofi. Inueni mikono juu mkaitikise. Ukumbi mzima wa mikono inayocheza hewani ni raha tupu, jaribu siku moja.

Tano, kwa wale waliopenda. Ndiyo, nawaona! Ukimzimikia binti kiziwi usimtume dada yake akakuombee. Andika meseji mwenyewe, jifunze alama tatu mwenyewe, ukataliwe mwenyewe. Na ukikubaliwa, familia ikianza kuzungumza mahari, hakikisha bibi harusi yuko kwenye mazungumzo na anaelewa kila neno.

NA NINYI PIA, WENYE KITI

Sitakuwa rafiki wa kweli nikiwasifu tu. Vijana viziwi wa Arusha, kiti mnachokidai kina kazi yake. Kuwa kiziwi hakumfanyi mtu kuwa kiongozi bora, kama vile kusikia hakukumfanya yule mwingine awe. Mwenyekiti kiziwi anayekula fedha za kikundi ni mwizi kama mwizi mwingine, na wenzake wamtoe.

Kwa hiyo anzeni na vikundi vyenu vidogo. Badilishaneni uongozi, mtu mmoja asiwe ndiye sura ya viziwi wote wa Meru maisha yake yote. Andikeni mihtasari ya vikao. Mabinti wapewe hazina na uenyekiti, wasiachiwe kupika chai tu. Na wale mliosoma mkakimbilia mjini, wakumbukeni wenzenu wa vijijini, kule juu migombani, ambao hawajawahi kukutana na kiziwi mwingine, wana alama za nyumbani tu wanazoelewana na mama zao. Hao ndio wanaosemewa kuliko wote. Wanahitaji kwanza kuwaona ninyi, wajue kwamba kuna kiziwi mwenye duka, mwenye kikundi, mwenye saini benki.

Nanyi wazazi, samahani zangu ziwatangulie. Watoto viziwi walio wengi wanazaliwa na wazazi wanaosikia, kwa hiyo hakuna anayewalaumu kwa kutojua alama siku ya kwanza. Lakini mtoto akifika miaka 15 na baba bado anajua alama mbili tu, "kula" na "njoo", hapo kuna swali. Mtoto ambaye nyumbani hajawahi kuulizwa maoni yake atajifunzia wapi kuyatoa mbele ya diwani?

Kila mwaka Septemba 23 dunia inaadhimisha Siku ya Kimataifa ya Lugha za Alama, iliyoanza kuadhimishwa mwaka 2018. Tarehe hiyo inakumbuka kuanzishwa kwa lile Shirikisho la Rome. Hotuba zitakuwepo na fulana zitakuwepo. Mimi naomba kitu kidogo zaidi, tena usisubiri Septemba.

Mkutano ujao wa mtaa wako, kabla mwenyekiti hajamaliza kusema karibuni, tazama watu waliokaa. Ukimwona kijana kiziwi na humwoni mkalimani, inua mkono wewe uliyejaliwa sauti. Usimsemee. Uliza tu mkalimani yuko wapi, halafu ukae chini.

Mengine atayasema mwenyewe.